Nyuzi za Fundi Mikidadi

Ukutani kwa Fundi Mikidadi, nyuma ya cherehani, kulikuwa na misumari inayokaribia mia, na kila msumari ulikuwa na mtu wake. Niliihesabu siku moja nikiwa na miaka kumi. Nilifika sabini na tisa, Mama akaniita nikachote maji, hesabu ikapotea. Kwenye kila msumari ulining'inia uzi wa pamba wenye mafundo, na kichwani mwa uzi pamefungwa kipande cha kitambaa kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Kipande kile ndicho kilikuwa jina. Mama yangu alikuwa khanga nyekundu yenye korosho nyeupe. Mke wa balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa satini ya kijani, na kila akipita barabarani mimi nilikuwa namwona kijani tu, hata akiwa amevaa bluu.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilimwuliza Fundi anajuaje mafundo yale yanasema nini, akanionyesha: la kwanza bega, la pili kifua, la tatu kiuno, la nne nyonga, la mwisho pindo. Nikauliza tena, mtu akiiba uzi wa Mama atajua nini.

"Atajua ameiba uzi," akasema, akaendelea kushona.

Fundi alizaliwa Mgeta, juu milimani, ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Alishuka mjini Morogoro kwa miguu akiwa kijana, kikapu cha njegere kichwani, na njegere zilipokwisha hakupanda tena. Akaajiriwa kufagia vipande vya nguo dukani kwa Mhindi mmoja, akasogea kwenye vifungo, akasogea kwenye suruali. Mhindi yule alipohama nchi alimwachia cherehani ya miguu na mkasi. Dawati la shule hakuwahi kulikalia. Mke wake alifariki kabla sijazaliwa, na tangu hapo aliishi na dada yake, Bi Mwaisha, mjane kutoka Mlali, ambaye alikuwa akikaanga karanga za Gairo na kuziuza stendi ya mabasi.

Wanawake wa mtaa wetu wa Mji Mpya walimwita kaburi. Si kwa ubaya. Walimaanisha kwamba kinachoingia kwake hakitoki. Alikuwa akimpima mwanamke huku anautazama ukuta, anapitisha uzi kwa ncha za vidole, anafunga fundo, kwisha. Waume hawakuwa na neno. Mwili wa mtu una mambo yake, na fundi wa nguo anayajua yote: nani bega moja limeshuka, nani mguu mmoja mfupi, nani anajaza tambara nyongani ili gauni limkae. Fundi Mikidadi aliyajua na hakuyasema, na hiyo ndiyo ilikuwa biashara yake. Kushona wengi wanajua.

Sasa nije kwa Mwalimu Agnes. Agnes si jina lake. Nimelibadilisha, na mtaona kwa nini.

Alitufundisha darasa la saba. Alitoka mbali, upande wa ziwa, akaishi peke yake katika nyumba za walimu. Nilipokuwa darasa la tano aliondoka miezi miwili, akaenda hospitali kubwa Dar es Salaam, akarudi amekonda. Sisi tuliambiwa ni tumbo. Haikuwa tumbo. Alikuwa amekatwa ziwa la kushoto. Hapa Morogoro jambo hilo alilijua yeye mwenyewe na alilijua Fundi Mikidadi, kwa sababu ndiye aliyemtengenezea pamba ya kuvaa na kumshonea kila gauni kwa ndani mfuko wa kuishika. Ukutani Mwalimu alikuwa kipande cha kitambaa cha maua ya zambarau, na kwenye uzi wake, kando ya fundo la pili, palikuwa na uzi mwingine mfupi sana umefungwa. Ule ndio ulikuwa unene wa pamba. Niliuona mara nyingi. Nilidhani ni uzi uliokatika.

Ikawa mwaka wa sabini na nne panya wakaingia. Walikula nyuzi kumi na moja kwa usiku mmoja, na Fundi akalazimika kuwaita watu kumi na mmoja waje wapimwe upya. Mmoja alikuwa amehamia Kilosa. Jambo hilo lilimsumbua kuliko ninavyoweza kueleza. Ndipo akaenda kwenye kisomo cha watu wazima.

Kisomo kilikuwa kila alasiri saa kumi, kwenye banda la bati kando ya ofisi ya TANU, na mwalimu wake alikuwa huyo huyo Mwalimu Agnes. Sisi watoto tulikuwa tunachungulia na kucheka wazee wakisema ba be bi. Fundi hakucheka na hakukosa siku. Alishika chaki kama anavyoshika sindano, kwa vidole viwili, mkono umenyooka. Bi Mwaisha aliitwa naye akakataa. Alisema karanga zake anapima kwa kiganja na Mungu anajua kiganja chake, herufi zitamwongezea nini. Balozi alimfuata mara tatu, mara ya tatu akamwambia, "Mwanangu, wewe unajua kusoma, na bado unakuja kuniomba karanga za bure." Hakurudi.

Mwezi wa nane mwaka wa sabini na tano ukaja mtihani wa nchi nzima, na Fundi akafaulu. Cheti chake alikitia kioo akakitundika juu ya cherehani.

Basi akaanza kuwahamisha watu. Alinunua madaftari matatu ya shule, akawa kila jioni anashusha uzi mmoja, anaupima kwa futikamba fundo kwa fundo, anaandika. Jina kwanza, ndivyo Mwalimu alivyofundisha. Kisha namba. Kisha yale ambayo uzi ulikuwa unayasema kwa njia yake, na sasa ilibidi yasemwe kwa maneno. Mwandiko wa madaftari yale ulikuwa unapanda mlima na kushuka, hakuupenda. Mwaka uliofuata akanunua daftari kubwa la jalada gumu, lile la kaunta, akanakili yote upya, polepole, kwa mwandiko ulionyooka. Kila akimaliza kunakili ukurasa wa daftari la zamani aliupiga mstari mmoja mrefu, kutoka pembe hii mpaka pembe ile.

Alipomaliza wa mwisho alizishusha nyuzi zote, akazichoma uani. Nilikuwepo. Harufu ya pamba inayoungua inafanana na harufu ya nywele. Nikamwuliza kwa nini anachoma.

"Wote wako kitabuni sasa," alisema. "Panya hajui kufungua jalada."

Hiyo ndiyo siku niliyomwona akitabasamu mpaka meno.

Yale madaftari matatu ya zamani yalibaki chini ya kitanda. Kwa Waluguru cha kaka ni cha dada, na watoto wa dada ndio warithi wa mjomba, kwa hiyo Bi Mwaisha hakuwa na haja ya kuomba. Lakini aliuliza, maana karatasi za kufungia karanga zilikuwa za shida siku zile na pale penye madaftari palikuwa na karatasi. Fundi akamjibu, hayo yamekwisha kazi, chukua.

Nimefikiri sana kuhusu jibu hilo. Fundi hakuwa mjinga. Alikuwa amefanya kazi na nyuzi miaka thelathini, na uzi ukiufungua mafundo unarudi kuwa uzi, hauna tena habari ya mtu. Alidhani na karatasi iko hivyo. Maneno yameshahamia kwenye kitabu kikubwa, mstari umeshapigwa, kwenye la zamani watu wamehama. Mimi nilianza shule nina miaka saba, sikumbuki wakati ambao sikujua kwamba neno likinakiliwa linabaki pale pale na huku pia linakuwepo. Yeye hakuna aliyemwambia. Nani angefikiria kumwambia mtu mzima jambo kama hilo?

Jumamosi moja Mama alinituma stendi kuchukua mzigo, nikapita kwa Bi Mwaisha nikanunua karanga. Anakunja karatasi mfano wa pembe, anajaza, anasokota mdomo. Nilikula nikitembea, na karanga zilipokwisha nikaikunjua karatasi, kwa sababu mimi nasoma kila kitu, hata makopo. Ilisema: *Mama Kibwana. Kifua 44. Kiuno 41. Nyonga 52. Mguu wa kulia mfupi, pindo lishuke nusu inchi. Asijue mtu.* Na mstari mrefu juu yake.

Herufi ya g ilikuwa na mkia unaopinda juu. Niliijua.

Nilikimbia. Fundi alikuwa anapiga pasi. Nilimpa karatasi, akaisoma akiisogeza mbali na macho, midomo ikitembea, akaniambia ukurasa huu aliufuta. Nikamwambia, shikamoo Fundi, samahani, haujafutika, mimi nimeusoma wote. Akasoma tena. Akaweka kidole juu ya mstari, akakisogeza, akatazama chini ya kidole kama mtu anayefunua jiwe.

Aliniuliza umesoma kila neno? Nikasema kila neno.

Pasi aliiacha juu ya suruali ya mtu. Iliunguza, harufu ikajaa nyumba, wala hakugeuka.

"Wa Mama Kibwana watu watacheka, kisha watachoka," alisema. "Kuna mmoja hauchekeshi. Daftari la pili, katikati." Halafu akakaza macho kwangu, mimi mtoto wa jirani, akaona hana wa kumficha tena. "Wa Mwalimu wako."

Tulikwenda stendi naye, karibu kukimbia, kofia mkononi. Njiani aliniambia kilichoandikwa, kwa sababu ilibidi nijue ninachotafuta. *Ziwa la kushoto hakuna. Pamba vidole vinne, mfuko kwa ndani, mshono usionekane.* Aliyasema kwa sauti ndogo sana, huku anatazama mbele, vile vile alivyokuwa anatazama ukuta.

Bi Mwaisha alikuwa na pembe zisizouzwa kama thelathini kwenye ungo. Fundi alianza kuzifungua moja moja, anamwaga karanga ndani ya kofia, anailaza karatasi kwenye paja. Dada yake alicheka kwanza. Alisema kaka yake leo ameamka na njaa ya miaka yote. Fundi akamwuliza amechana madaftari mangapi, naye akasema mawili, la tatu bado, alianza kuuza tangu Alhamisi, na karatasi ni nzuri, hazivuji mafuta.

Tangu Alhamisi.

Basi la Dodoma lilikuwa limejaa, linasubiri kuondoka. Fundi alipanda. Mtu ambaye sikuwahi kumsikia akiinua sauti alisimama katikati ya basi akawaomba abiria, tafadhalini, mwenye karatasi ya karanga anipe karatasi, karanga abaki nazo. Watu walimdhania mgonjwa. Mmoja akasema huyu mzee ana akili, anatuachia kokwa anachukua ganda. Wengine walimpa. Wengine walikuwa wameshazitupa dirishani, na mimi nikawa naziokota chini ya magurudumu.

Pale mlangoni alikuwepo Tomasi, mkata tiketi, kijana aliyefaulu kisomo mwaka ule ule na tangu hapo hakuacha kusoma vitu kwa sauti, hata namba za magari. Lazima niseme hivyo ndivyo mji wetu ulivyokuwa. Miaka miwili nyuma karatasi ya karanga ilikuwa karatasi ya karanga. Sasa kila mtu alikuwa msomaji mpya, na vitabu vya kusoma vilikuwa vichache, kwa hiyo watu walisoma karanga.

"Fundi, njoo unisahihishe," Tomasi akasema, karatasi mkononi. "Hapa umeandika mke wa balozi anavaa kitambaa nyongani, mara mbili kulia, mara moja kushoto. Kwa nini kulia mara mbili? Ndiko anakokalia kiti cha chama?"

Watu waliangua kicheko. Fundi alinyoosha mkono. Tomasi akaivuta karatasi nyuma.

"Na mimi umeniandika wapi? Suruali yangu ulishona wewe."

"Wewe huna cha kuandikwa," Fundi alisema. "Nipe, mwanangu. Nakuomba."

Sijui ni lile neno nakuomba au ni uso wake. Tomasi alimpa, akatazama chini, akaanza kukata tiketi.

Tulizunguka stendi, soko, na reli mpaka jua likashuka nyuma ya milima. Fundi alizipanga karatasi juu ya meza ya kukatia, akazilaza kwa kiganja mpaka zikanyooka. Daftari la kwanza zilipatikana karatasi kumi na tisa. La pili kumi na nne. Katikati ya la pili palikuwa na pengo, na ukurasa wa Mwalimu Agnes haukuwepo.

Kabla Fundi hajawasha taa, Bi Mwaisha aliniita uani. Aliniletea karatasi moja, akaniambia nimsomee, anataka kusikia ni maneno gani hayo yaliyomvua kaka yake kofia mbele ya watu. Nikamsomea. Ilikuwa ya mwanamke anayemjua. Akauliza, "Na zote ziko hivi?" Nikasema zote. Akaketi chini, mikono juu ya kichwa. Hakulia.

Jumapili wanawake walianza kuja. Nilidhani watapiga kelele, nilikuwa nimejiandaa kuziba masikio. Hawakupiga kelele. Walibisha hodi, wakaomba vitambaa vyao, hata visivyokatwa, hata vilivyoshonwa nusu. Mke wa balozi alichukua gauni lenye mkono mmoja. Mama Kibwana alitembea kutoka pale barazani taratibu sana, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mguu wake mmoja ni mfupi. Miaka yote sikuwahi kuona. Mama yangu pia alikwenda. Aliporudi na kitambaa chake nilimwuliza yeye aliandikwa nini. Akasema, "Hata wewe?" Sikuuliza tena.

Jumatatu tulikuwa na somo la jiografia. Mwalimu Agnes aliingia, tukasimama, tukaamkia, tukakaa. Juu ya meza yake palikuwa na pembe ya karatasi iliyosokotwa mdomo, kama ya karanga.  Nilitaka kuinuka. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikuinuka.

Aliifungua. Ndani yake palikuwa na pamba.

Nyuma, upande wa madirisha, mtu alicheka kwa pua. Nani aliiweka sijui, hakuna aliyesema, na waliojua hawakuwa wachache. Mwalimu alirudisha pamba ndani, akakunjua karatasi, akaisoma, akaisoma hadi mwisho kama anavyosahihisha insha. Kisha akavikunja vyote akavitia mkobani. Akageukia ubao akaandika kichwa cha somo, mmomonyoko wa udongo. Akatueleza jinsi mvua inavyoosha miteremko ya Uluguru pale watu wanapolima bila makinga maji, na udongo ukishafika mtoni haurudishwi. Mkono wake wa kulia uliandika. Wa kushoto aliuweka kifuani kipindi kizima, umelala pale kama umefungwa.

Jioni ile alikuja kwa Fundi. Mimi nilikuwa uani kwetu naosha vyombo, na kati yetu na baraza la Fundi ni ua wa mabua tu. Kila siku alikuwa akimwamkia, maana Fundi alimzidi umri sana. Alimwamkia na siku ile.

"Shikamoo, Mzee."

Fundi hakuitikia. Nilisubiri marahaba yake na haikuja.

"Umeandika vizuri," Mwalimu alisema. "Herufi zimenyooka kuliko za wengine. Nukta umeweka mahali pake."

Nikasikia anafungua mkoba, anakunjua karatasi.

"Kwa nini uliandika na jina?"

"Ulituambia tuanze na jina, Mwalimu."

"Niliwaambia." Nikasikia anavuta kigoda, anakaa. "Mimi ndiye niliyekufundisha. Nimekuwa nikitembea barabara nzima nikitafuta wa kumkasirikia, na kila nikifika ni mimi."

Fundi akaanza kueleza kuhusu mstari, na panya, na kwamba mwaka ule alishakosea upande mara moja, akaweka mfuko kulia, akaogopa asije akakosea tena. Sauti yake ilikuwa inakatika. Mwalimu hakumkatiza.

"Uzi wangu uko wapi?" aliuliza mwishoni.

"Niliuchoma."

"Wangu tu?"

"Zote."

Basi akaomba daftari kubwa. Nilichungulia kati ya mabua, Mungu anisamehe. Fundi alifungua ukurasa wake, ule ulionakiliwa vizuri, akauchana kwa uangalifu kando ya mshono wa daftari kama anavyofumua pindo. Mwalimu akafungua kifuniko cha pasi ya mkaa, akauweka ndani ya makaa pamoja na ile karatasi ya karanga. Walisimama wawili wakitazama moshi ukitoka kwenye matundu ya pembeni. Kisha akaondoka. Hakumaliza mwezi. Aliomba uhamisho, akapewa, na siku ya kuondoka hatukuambiwa. Tulikuta mwalimu mwingine darasani, mwanamume, akatuuliza tumefika ukurasa wa ngapi.

Fundi alijaribu. Daftari kubwa lililobaki alilichoma lote, karatasi kwa karatasi. Akanunua uzi mpya wa pamba, akauning'iniza kwenye msumari wa kwanza, akawaambia watu kwamba amerudi kwenye mafundo. Hakuna aliyekuja kufungwa fundo. Wanawake walihamia kwa Salehe, mtaa wa nyuma, fundi ambaye alishindwa kisomo mara mbili na mishono yake inapinda. Salehe alikuwa mpiga domo, anasema hata alichokula, lakini alijua la kusema. Alikuwa akisimama mlangoni akiwaambia wapita njia, "Karibuni mama zangu, mimi sijui a wala be."

Wakaingia. Waliokwenda kisomo, waliofaulu, waliotundika vyeti, waliingia.

Bi Mwaisha alirudi Mlali kabla ya masika. Alisema mjini karatasi zinasema, huko wanafungia kwa jani la mgomba. Kaka yake alimsindikiza mpaka kwenye gari. Baada ya hapo nilikuwa nikitoka shule namkuta ameketi kwenye cherehani, miguu inakanyaga, gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka, na chini ya sindano hakuna kitambaa. Nikimwamkia ananiitikia vizuri. Kile cheti kilikuwa bado juu yake ukutani, katikati ya misumari mitupu. Mwishoni cherehani ikauzwa.

Mimi sasa niko kidato cha pili. Juzi tulitumwa na shule kupeleka mahindi ya shamba letu kwenye ghala moja karibu na reli, na pale kwenye kivuli cha ukuta nilimkuta Fundi Mikidadi. Anashona midomo ya magunia. Ana shazia, sindano ile kubwa ya chuma, na kamba ya katani, na anashona kwa kasi ya ajabu, mshono sawa kwa sawa, gunia moja linakwisha jingine linasogea. Magunia yote yana kipimo kimoja. Hakuna la kuandika.

Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari ya Mama. Nilitaka kumwambia kwamba Mama bado anavaa lile gauni la khanga nyekundu na halijafumuka. Karani wa ghala akatoka, kijana mdogo tu, na daftari la mahudhurio na kalamu sikioni. Wapakizi waliandika majina yao mmoja mmoja, wengine kwa herufi zinazopanda mlima. Ilipofika zamu ya Fundi karani akamnyooshea kalamu.

"Mzee, unajua kuandika?"

"Sijui, mwanangu," Fundi alisema.

Karani akatoa kijiboksi cha wino. Fundi akapaka kidole gumba, akakibandika kwenye mstari wake, akakiinua taratibu ili alama isitie doa kwenye jina la mtu wa chini. Kisha akakifuta kwenye gunia, akarudi kushika shazia. Hakunitazama. Alitazama ukuta.